Mvule wa Mama Philomène

Mama Philomène alifukuzwa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, kwa sababu ya maua. Watu wa avenyu yake, barabara aliyokaa, hawapendi kuambiwa hivyo. Ukiwauliza watakwambia ulikuwa uchawi, na wale wanaojua kusema vizuri mbele ya wageni watakwambia ilikuwa vita. Vita ilikuwepo, ni kweli. Lakini mwanamke yule alifukuzwa kwa maua ya mti, na waliomfukuza walikuwa majirani zake, watu waliokula mikate yake kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2002 na mji wa Kindu ulikuwa umefungwa. Ndani walikaa wenye bunduki, na nje, kuanzia mashamba ya kwanza tu, walikaa wenye bunduki wengine. Kila upande ulimwita raia msaliti. Aliyevuka kwenda kung'oa muhogo wake mwenyewe alirudi amepigwa, au hakurudi. Watu wakabaki mjini wanakula matembele, na walipokosa hata kuni za kuchemshia matembele hayo, wakaanza kuiangalia miti ya nyuma ya nyumba kwa jicho lingine.

Kwenye kijito, nyuma ya uwanja wa Matata seremala na ule wa Mama Philomène, kulikuwa na mivule miwili mikubwa. Kila mwaka, mmoja, ule wa juu, ulizaa matunda ya kijani, laini, marefu kama kidole, na yalipoiva popo walikuja kwa mamia. Avenyu nzima ilijua msimu huo. Watu walitega nyavu, wakapiga manati, na kwa wiki tatu hakuna chungu kilichokosa nyama. Mvule wa pili, ule wa chini, haukuzaa kitu. Ulimwaga tu vitu vyeupe virefu vilivyoning'inia, vikaanguka na kuchafua uwanja.

Kwa hiyo Yassine, shefu wa avenyu, alipowaita wakuu wa nyumba kuchagua mti wa kukata kuni, mjadala haukuwa mrefu. Matata alikuwa na msumeno mkubwa wa watu wawili na ndiye angekata, basi neno lake lilikuwa na uzito.

"Ile ya chini njo ya kukata," alisema. "Tangu nilikuja hapa haiyazaa hata siku moja. Iko inamwanga tu minyoo yake nyeupe."

Wanaume wakacheka. Ilikuwa wiki nyingi hawajacheka, na kicheko kiliwapendeza, wakakirudia.

Mama Philomène hakualikwa. Alikuwa mjane wa dereva wa treni aliyetoka Kasai, mkoa wa mbali, na mumewe alikuwa amelala kwenye makaburi ya mji ule ule, lakini mjane si mkuu wa nyumba machoni pa watu wale, na mjane wa Kasai ndiyo kabisa. Alikuja hivyo hivyo, ufagio mkononi, kwa sababu alikuwa akifagia aliposikia. Akawaeleza polepole, kama mtu anayewaeleza wateja kwa nini leo mikate ni midogo. Alisema amefagia chini ya miti ile miwili kila asubuhi. Vile vyeupe ni maua, na vinatoa unga, unga ule anaukuta hadi juu ya maji ya ndoo. Mwaka mvua kubwa ilipoviangusha vyeupe mapema, mti wa juu ulizaa matunda machache sana. Mwaka vilipokaa hadi vikakauka vyenyewe, matunda yalikuwa mengi kupita kiasi. Yeye aliona hivyo mara tatu.

Yassine alimuuliza ni nani alimfundisha mambo hayo. Akajibu kwamba hakuna aliyemfundisha, ni kufagia tu. Matata naye akauliza kama miti hiyo ilifunga ndoa, na ni nani alipokea mahari. Wakacheka tena, safari hii wakimwangalia usoni.

"Mucheke tu," Mama Philomène alisema. "Ile iko mwanaume. Mukiikata, huyu mwanamuke atachanua bure, na popo hawatakuja. Mutaona."

Akarudi kufagia. Mti ulichukua siku tatu kuanguka. Kuni ziligawiwa kila nyumba, Mama Philomène akapewa matawi membamba, na shina lilibaki kwa Matata kama haki ya fundi. Alilipasua mbao. Siku zile mbao zilikuwa na kazi moja tu, na Matata alifanya kazi hiyo karibu kila wiki.

*

Mvua za kwanza zilikuja. Mvule uliobaki ukatoa majani mapya na, katikati ya majani, vidole vifupi vya kijani vyenye manyoya membamba. Watu walisimama chini yake wakaangalia juu. Njaa ilikuwa imefika mahali ambapo mtu haoni haya kusimama hivyo. Wengine walikuwa wameshona nyavu zao upya.

Matata na mkewe Nathalie walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka mitano, jina lake Mimi. Miguu yake ilikuwa imevimba na nywele zimekuwa nyekundu. Matata alimbeba hadi kwenye mti, akamwonyesha vile vidole, akamwahidi kwamba popo wa kwanza ni wake peke yake, na supu yote, hata mama yake hataonja. Mtoto aliuliza ni siku ngapi. Matata akasema si nyingi.

Vidole vikageuka njano. Vikaanza kuanguka, kwanza kimoja kimoja, kisha kwa wingi, vikavu, havina kitu ndani. Mama Philomène alivifagia akavikusanya mafungu mafungu kando ya uzio. Hakumwambia mtu neno. Pengine angekuwa amewasuta wakati ule, wangemtukana tu na mambo yakaisha, lakini yeye alikuwa mtu wa kunyamaza, na hata kunyamaza kwake watu walikuja kukuhesabu kuwa kosa.

Siku moja asubuhi alimwita Nathalie kwenye uzio akampa bakuli la uji. Alikuwa na kopo la mwisho la unga wa mahindi aliloficha tangu kufungwa kwa mji. Nathalie alilipokea kwa mikono miwili. Mtoto alikunywa wote, akalamba kijiko, akalala vizuri. Na kwa kuwa bakuli la jirani halirudishwi tupu, Nathalie alihangaika uwanja mzima akitafuta cha kutia ndani, mwisho akatia majani manne ya matembele. Aliona haya kuyatoa. Mama Philomène aliyapokea, akashukuru kama kawaida.

Siku ya tatu baada ya uji ule, Mimi akafa. Baba yake alimtengenezea sanduku kwa mbao za mvule. Zilikuwa zimebaki vipande vifupi, na vilitosha.

*

Matanga yalikuwa hayajaisha wakati Nathalie aliposema. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande huu na wanaume upande ule, hakuna kahawa, hakuna chai, na kila mtu akiangalia mti usio na tunda. Mtu mmoja alisema ajabu, tangu zamani mti ule haujapita mwaka bila kuzaa. Nathalie aliinua kichwa. Alikuwa hajala siku mbili na hakulala.

"Alituambia," akasema. "Alisimama mbele ya wanaume wote akasema, mutaona. Na uji njo yeye alitoa."

Neno hilo lilizunguka avenyu nzima usiku ule. Kesho yake asubuhi Yassine aliwaita watu wote, wanaume na wanawake, na safari hii Mama Philomène alialikwa. Yassine aliuliza maswali matatu. Je, alisema popo hawatakuja? Alisema. Je, alimpa mtoto chakula? Alimpa. Je, ni yeye aliyekuwa akikusanya maua ya mti ule mafungu mafungu? Ndiyo, alikuwa akifagia. Alijibu ndiyo mara tatu kwa sababu yote matatu yalikuwa kweli, na kila ndiyo ilimzamisha.

"Nilisema kile kitatokea," alisema. "Sikusema miye njo nitakifanya. Shefu, unajua kusoma. Haiko kitu kimoja."

Yassine alijua kusoma, na alijua pia kwamba watu wenye njaa walikuwa wamekusanyika na wanataka kurudi nyumbani na kitu. Akasema mwanamke huyu ameufunga mti, na kama hataki kuufungua, basi aondoke kabla ya saa sita mchana. Mama Philomène akauliza aufungue na nini, kwa ufunguo gani. Aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akamwangalia Nathalie peke yake kwa muda mrefu, na Nathalie akaangalia chini.

Aliondoka na fungu moja la nguo, akifuata reli kuelekea mji wa Kibombo. Walimwambia kwamba wale wenye bunduki wa nje humwacha mwanamke aliye peke yake apite. Kila mtu aliyesema hivyo alijua anasema uongo. Hakusindikizwa na yeyote, na jikoni kwake chungu kilikuwa bado motoni. Mtu alikiinua akaenda nacho. Tangu siku hiyo hakuna habari yake iliyofika Kindu, mbaya wala nzuri. Uwanja wake alipewa Matata, ili kumpoza kwa mtoto wake, na Matata akajenga karakana juu yake.

*

Ilipita miaka ishirini na miwili. Amani ilipokuja, ilikuja na wapasua mbao. Waliingia msituni wakamaliza mivule, karibu na mbali, ile inayozaa na ile isiyozaa, kwa sababu soko haliulizi mti uliolala chini kama ni mume au mke. Mvule wa kijitoni hawakuugusa. Kila mnunuzi aliyekuja aliambiwa na watu wa avenyu kwamba ule umefungwa na mchawi, na mashine itamgeukia. Uongo wao ndio uliouokoa, na sijui kama mtu awashukuru. Kila mwaka ulichanua, kila mwaka ukamwaga vidole vyake vikavu, na aliyevifagia sasa alikuwa Nathalie.

Ndipo akaja Josiane, fundi wa kilimo, mwenyeji wa mtaa wa Alunguli, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akitembea na pikipiki kutafuta mivule ya kutoa mbegu. Kulikuwa na mradi wa kupanda upya, na mbegu hazikupatikana. Matata alimkaribisha vizuri sana, maana alisikia kwamba mwenye mti wa mbegu hutengenezewa nyumba, na paa la karakana yake lilikuwa linavuja kila mahali. Alimtolea kiti. Nathalie alikuwa kijitoni anafua, nguo akizipiga juu ya kisiki cha zamani.

Josiane hakukaa. Aliokota vidole vilivyoanguka, akapasua kimoja kwa ukucha, akatazama ndani, akapasua kingine.

"Hii iko mwanamuke," akasema. "Mwanaume wake iko wapi?"

Matata akauliza mwanaume gani. Josiane, ambaye alipenda kazi yake na alikuwa amezoea kuieleza, akaeleza kwa moyo mweupe. Mvule si kama mwembe, alisema, mti mmoja hauwi baba na mama. Kuna mti wa kiume unaotoa mikia myeupe yenye unga, na kuna wa kike. Upepo hubeba unga. Wa kiume ukikosekana karibu, wa kike huchanua bure, maua yanaanguka, hakuna tunda, na popo hawana haja ya kuja.

Nathalie alisimama na nguo yenye maji mkononi. Maneno yalikuwa yale yale, hata mpangilio wake, kama vile mtu amerudi kutoka njia ya reli kuyasema tena. Nguo ikamdondoka, naye akakaa ghafla juu ya kisiki. Josiane alimkimbilia akauliza kama ni malaria.

Matata alikuwa ameshaanza kusema kwamba hapa hapajawahi kuwa na mti mwingine, tangu zamani ni huu mmoja tu.

"Ulikuwa," Nathalie akasema. "Miye nimeukalia. Tuliukata mwaka wa njaa."

Josiane akasema pole, wakati wa vita watu walikata kila kitu, hakuna wa kulaumiwa. Akawapa habari njema: karibu na Kibombo bado kuna mvule wa kiume mmoja. Akichukua unga wake wakati wa maua akauleta haraka, na akipatikana mtu wa kupanda juu, mti huu utazaa mwaka huo huo. Aliondoka akifurahi. Hakujua alichokiacha nyuma yake.

Matata aliingia karakana akachukua randa, lakini hakuwa na ubao wa kupiga. Nathalie alimfuata. Kwa miaka yote ile hawakuwa wamelitaja jina la yule mwanamke ndani ya kuta hizo.

"Tumukataze huyu musichana," Matata akasema. "Muti ukizaa, watu watauliza."

"Njo ninataka waulize."

"Na hapa tutatoka? Kwa uzee huu, twende wapi?"

Nathalie akasema hajui. Alisema anachojua ni kwamba yeye ndiye aliyesema neno lile matangani, si Matata, si Yassine, na kwamba siku analitamka alikwisha kuona kuwa mtoto anakufa kwa njaa, alikuwa akiona kwa macho yake tangu miezi miwili. Alijua. Alisema tu.

Matata aliweka randa chini. "Mutoto wetu alikufa," akasema. "Ilitakiwa muntu wa kulaumu."

*

Msimu wa maua uliofuata, Josiane alirudi na unga wa mvule ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kopo la mchele ili usishike unyevu. Alimleta Destin, mpanda michikichi hodari wa Mikelenge, aliyepanda kwa mshipi wake wa kamba akiwa na brashi ya rangi kiunoni. Matata hakuwakataza. Alikuwa anafikiria paa. Destin alipaka unga kwenye maua ya tawi moja la upande wa kijito, akalifunga kitambaa chekundu ili lijulikane, akashuka akipiga chafya. Matawi mengine hakuyagusa, unga ulikuwa kidogo.

Wiki zikapita. Vidole vya mti mzima vikageuka njano na kuanguka kama kila mwaka. Vya tawi lenye kitambaa vilibaki kijani, vikanenepa, vikainama. Kisha jioni moja popo watano wakaja, na kesho yake wengi wasiohesabika, wote kwenye tawi moja, wakigombana.

Asubuhi ya kuvuna, avenyu nzima ilikuwa uwanjani kwa Matata. Yassine, aliyekuwa sasa mzee wa fimbo, alipewa kiti cha mbele. Josiane alitandaza chandarua chini, akaeleza tena habari ya mti wa kiume na wa kike, akachora hata mchoro kwenye ubao wa Matata. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi, na mmoja akauliza kama mradi utaleta saruji. Kisha wote wakamgeukia Yassine, kwa sababu walitaka mtu wao awaambie wameona nini.

Yassine alikohoa. "Sasa tunajua," alisema. "Ule mama amekufa, kule aliko. Mwenye kufunga akifa, kilichofungwa kinafunguka. Mungu asifiwe."

Wakaitikia. Ulikuwa mwitikio wa watu waliopata nafuu, maana katika miaka yote ile kulikuwa na wachache waliokuwa na mashaka moyoni. Josiane aliduwaa, chaki mkononi. Aliangalia mchoro wake kama mtu anayetafuta alipokosea.

Nathalie akasimama. Alikuwa ameyarudia maneno hayo moyoni mwaka mzima.

"Philomène hakufunga kitu," akasema. "Alituambia kweli, na sisi tukakata muti. Mutoto wangu alikufa na njaa. Miye njo nilimusingizia, na munajua."

Popo waliosinzia mtini walisikika wakijigeuza. Matata alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa muda wa pumzi moja hivi, jambo lile lilikuwa mbele yao wazi, na yeyote angeweza kuliokota.

Yassine ndiye aliyeinua mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hayakuwa ya uongo.

"Munasikia?" akasema. "Huyu mama aliuliwa mutoto wake wa pekee. Na leo anamusamehe mwenye kumuua, mpaka anabeba kosa yake. Njo ukristo huo."

Vigelegele vikalipuka. Wanawake walimzunguka Nathalie, wakamshika mikono, wakamfuta machozi kwa vitenge vyao, mmoja akaanza wimbo wa kanisani na wengine wakaupokea. Nathalie alikuwa akisema hapana, si kusamehe, sikilizeni, hapana, lakini kila hapana yake iliongeza vigelegele, kwa sababu hivyo ndivyo wanyenyekevu wanavyosema. Mwisho aliacha kusema. Walimkalisha kwenye kiti cha Yassine.

Josiane alisubiri wimbo upungue, kisha akaja na fomu ya mradi, maana mbegu zilitakiwa kuondoka siku hiyo hiyo kabla hazijafa. Alichuchumaa karibu na kiti akauliza aandike jina la nani, mwenye mti.

"Andika Philomène Ngoyi," Nathalie akasema.

Josiane akaandika. Akauliza anaishi wapi, ana namba gani ya simu, na atakuja lini kutia sahihi. Nathalie akamwonyesha kwa mkono njia ya reli. Josiane aliona haya kwa niaba ya karatasi yake. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mradi unaomba mtu ambaye yupo.

Akalikata lile jina kwa mstari mmoja, akampa Matata kalamu, na Matata akatia sahihi.